Nambari Nyekundu

Shule ilipotoka, Helka alifanya yale aliyoyafanya kila siku. Alivaa koti lake zito, akajifunga skafu mpaka juu ya pua, akasimama nyuma ya kiti chake cha barafu, kiti chenye reli mbili za chuma za kuteleza juu ya theluji, na kukisukuma kwa mguu mmoja, polepole, kupita kanisa, kupita duka la mikate, hadi ukumbi wa vijana wa Haukijoki. Mlangoni alivua viatu, akavipanga kwenye rafu pamoja na vya wenzake, akaingia na soksi.

Nimesema polepole kwa sababu Helka alikuwa na pumu. Hewa ya Februari ikimwingia kifuani, kifua kilikwaruza kama mlango usiotiwa mafuta. Wenzake wa darasa la sita walipokwenda kushindana kwa mbao za kuteleza kwenye theluji, mwalimu alimwambia, "Helka, wewe tushikie saa." Alikuwa amewashikia wenzake saa miaka mitatu. Aliujua muda wa kila mtoto wa darasa lake. Wa kwake tu ndio haukuwamo kwenye karatasi.

Ndiyo maana aliipenda mashine ya mbio. Ilikuwa kwenye pembe ya ukumbi: kiti cha gari, usukani, pedali mbili chini, na skrini tatu mbele. Unaketi, unaendesha gari lisilotoka mahali pake, na barabara ndiyo inayokukimbilia. Humo hamna baridi, hamna kukwama pumzi. Kuna mikono, macho na miguu tu, na hivyo Helka alikuwa navyo sawa na wengine.

Ukutani karibu na mashine palitundikwa ubao mweusi. Kila mtoto akimaliza zamu yake ya dakika kumi na tano, aliandika kwa chaki muda wa mzunguko wake bora. Aliandika mwenyewe. Hakuna aliyemkagua.

"Chaki ile pale," Reijo, msimamizi wa ukumbi, aliwaambia siku ya kwanza. Alikuwa mtu mrefu mwenye ndevu nyekundu, na muda mwingi alikuwa jikoni na birika la kahawa. "Mimi si polisi. Kila mtu anaandika chake. Na mkumbuke desturi ya nyumba hii: mwenzako akikuuliza unapitaje kona, unamwambia. Hatufichani hapa."

Siku ile ya Jumatatu ubao ulisema hivi: Jalmari 1:31.4. Otso 1:33.2. Helka 1:34.8. Wengine walikuwa chini zaidi. Wawili wa kwanza wangepelekwa Kuopio kwenye mashindano ya vijana wa mkoa, na ubao ungefungwa Ijumaa ya wiki ya pili, saa kumi na moja jioni. Jalmari alikuwa na miaka kumi na minne na hakuna aliyemkaribia. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja.

"Umefika, konokono?" Otso alimsalimu kutoka kwenye kochi. Walikuwa wamesoma pamoja tangu chekechea, na Otso hakujua kusalimia bila kuchokoza.

"Konokono ana nyumba yake," Helka alimjibu. "Wewe bado unalala chumba kimoja na dada yako."

"Lakini niko juu yako ubaoni."

"Kwa leo."

Helka aliketi, akashika usukani. Alijiambia kwamba leo angeendesha kwa nguvu. Kila kona aliichelewea, akakanyaga breki akiwa tayari ndani, akazungusha usukani kama anayekamua nguo. Gari liliserereka, likalalamika, likatoka upande wa nje. Alipata 1:35.1. Akaongeza nguvu zaidi. 1:35.7. Akauma meno. 1:36.0.

Reijo alipita na kikombe chake, akasimama kidogo. "Unapigana na gari," alisema, akaenda zake.

Jumanne ilikuwa vivyo hivyo. Jumatano ndiyo siku yenyewe.

Kulikuwa na mahali ambapo barabara ilijikunja mara mbili haraka haraka, kushoto kisha kulia. Watoto walipaita Kona Pacha. Kabla yake ilisimama safu ya miti myeupe kumi na mmoja. Jumatano Helka alifika pale kwa kasi mno, akachelewa kukanyaga breki, na gari halikujikunja hata kidogo. Lilipita moja kwa moja juu ya nyasi, likaruka, likaangukia barabarani upande wa pili likiwa bado linakimbia. Akamaliza mzunguko. Nambari ikatokea juu ya skrini: 1:32.9.

Nambari ilikuwa nyekundu.

Kila mtoto pale ukumbini aliijua maana yake. Nambari nyeupe ni mzunguko halali. Nambari nyekundu ni kwamba magurudumu yametoka barabarani, umekata njia, na mzunguko huo hauhesabiwi.

Helka aligeuka. Reijo alikuwa jikoni, maji yakichemka. Otso alikuwa amepiga magoti mlangoni akitafuta soksi yake moja chini ya rafu. Nambari ilikaa kwenye skrini sekunde chache, kisha ikafutika. Helka aliinuka, akaiendea chaki, akafuta 1:34.8 yake kwa ncha ya mkono wa sweta, na kuandika 1:32.9.

"Nini!" Otso alikuja mbio na soksi mkononi. Alisoma ubao mara mbili. Uso wake ulishuka, halafu akafanya jambo ambalo Helka hakulitarajia. Alimpa mkono. "Hongera, konokono. Kweli umekimbia."

Mkono wa Otso ulikuwa wa moto. Wa Helka ulikuwa na unga wa chaki.

Alhamisi shuleni ilikuwa supu ya njegere na chapati ya maji yenye jamu, kama kila Alhamisi. Otso aliiweka sinia yake mbele ya Helka, akaketi.

"Haya, desturi ya nyumba," alisema. "Kona Pacha. Unakanyaga breki wapi?"

Helka alikoroga supu. "Kwenye mti."

"Mti upi? Iko kumi na mmoja."

"Wa mwisho," alisema Helka. Alikuwa hajui. Lilikuwa jibu la kwanza lililomjia mdomoni.

"Wa mwisho!" Otso alipiga mluzi. "Una roho ngumu, wewe."

Alasiri ile Helka aliketi kwenye kochi akamtazama Otso akiendesha. Otso alikwenda mpaka mti wa mwisho ndipo akakanyaga breki, na gari likaruka porini. Akaanza tena. Porini. Tena. Akaligonga shina la mti, skrini ikajaa majani. Zamu yake iliisha bila mzunguko hata mmoja mzima. Ijumaa akarudia, na Ijumaa ikawa kama Alhamisi.

"Mimi ni mjinga tu," alisema Otso akivaa viatu. Hakuwa anatania. "Umenieleza vizuri, na bado siwezi."

Helka alisukuma kiti chake cha barafu mpaka nyumbani, na siku hiyo kifua kilimbana hata kabla hajafika kanisani.

Mama yake Helka alikuwa dereva wa lori la maziwa. Jumamosi ambazo hapakuwa na shule, Helka aliruhusiwa kwenda naye. Saa mbili asubuhi walikuwa tayari njiani, theluji imelundikana pande zote, na barabara imegeuka kioo. Helka alikaa juu kwenye kiti cha pembeni, akiwa na mkate wa ngano nyeusi mkononi. Mama aliendesha kimya. Mbele kulikuwa na mteremko na kona kali kuelekea daraja.

Helka alitazama mguu wa Mama. Ulikanyaga breki mapema sana, kwa nguvu, barabara ikiwa bado imenyooka. Halafu ukaanza kuachia kidogo kidogo, taratibu, kama mtu anayejitoa kwenye kitanda bila kumwamsha paka. Walipoingia konani mguu ulikuwa mwepesi kabisa. Lori lilipita kama lililochorwa barabarani.

"Mbona unapunguza mapema hivyo?" Helka aliuliza.

"Nyuma yako kuna nini?"

"Maziwa."

"Tani kumi na tano za maziwa. Na tangi halina kuta ndani, maana likiwa na kuta halisafishiki. Lori lina breki, maziwa hayana. Nikikanyaga breki nikiwa ndani ya kona, yote yanakuja kunisukuma mgongoni, na mimi na wewe tunaenda kusalimiana na samaki. Kwa hiyo kazi ya breki naimaliza kabla. Konani nayaachia magurudumu yafanye kazi moja tu."

"Lakini si unachelewa?"

Mama alitabasamu. "Tazama saa. Kwa Eevertti tunafika saa tatu na robo."

Walifika saa tatu na dakika kumi na nne.

Eevertti alikuwa mkulima mzee mwenye ng'ombe ishirini na wanane. Kwa kawaida asubuhi alikuwa zizini, na Mama alijiunganishia bomba mwenyewe. Leo alikuwa amesimama nje kwenye baridi bila kofia, mbele ya mlango wa chumba cha maziwa. Kwenye bomba la tangi lake alikuwa amefunga kitambaa chekundu.

"Usivute," alisema kabla Mama hajashuka vizuri. "Leo huchukui kitu kwangu."

"Kuna nini, Eevertti?"

"Ng'ombe wangu Mansikki yuko kwenye dawa, na maziwa yake hayaruhusiwi kuuzwa. Nilimfunga utepe mwekundu mguuni mimi mwenyewe, Alhamisi. Na leo asubuhi mimi mwenyewe nimemkamua na wenzake. Akili ilikuwa kwingine. Nimekumbuka maziwa yameshaingia."

"Yote?"

"Ya siku mbili. Yote yamechanganyika."

Helka aliangalia tangi la Eevertti kupitia mlango. Lilikuwa limejaa. Maziwa yalikuwa meupe, safi, hayakuwa na tofauti yoyote na maziwa mengine.

"Hayaonekani kuwa mabaya," alisema bila kukusudia.

Eevertti alimgeukia. "Hayaonekani, binti. Ndiyo ubaya wake." Alifungua koki ya chini. Maziwa yakaanza kumwagika kwenye mfereji uelekeao shimo la samadi, na mvuke ukapanda. Mzee alisimama akiyatazama, mikono mifukoni. "Mama yako ameshachukua kwa kina Hannula, kwa kina Pöyry, kwa yule mjane wa kilimani. Nikitia yangu mle, nimewamwagia na wao yao. Wao wamefanya nini?"

"Pole, Eevertti," alisema Mama.

"Pole ya nini, ujinga ni wangu. Kunywa kahawa kabla hujaondoka."

Walikunywa kahawa, Helka akapewa maziwa ya moto ya pakiti, na kila mtu alicheka kidogo kwa jambo hilo, hata Eevertti. Lakini waliporudi garini Helka hakuumaliza mkate wake. Lori lilipita kilomita mbili. Kisha akasema, akitazama dirishani:

"Mama, muda wangu ule ni wa uongo."

Mama hakuuliza muda upi. Jumatano ile Helka alikuwa amemtangazia akiwa bado mlangoni. Alipunguza mwendo, akasimamisha lori mahali pa kupishana magari, akawasha taa za tahadhari. "Haya. Nasikiliza."

Helka alieleza yote: nyasi, nambari nyekundu, chaki. Mwishoni alisema juu ya supu ya njegere na mti wa mwisho.

"Kwa hiyo Otso anakanyaga breki mti wa mwisho," alisema Mama.

"Ndiyo."

"Na anadhani yeye ndiye mbaya."

"Ndiyo."

Taa za tahadhari ziliendelea kulia, tik, tik, tik. "Nilidhani unaniambia habari za muda wako," Mama alisema mwishowe. "Kumbe tangini mwako mna na maziwa ya mtu mwingine."

"Nikifuta, nimeikosa Kuopio."

"Huenda."

"Zimebaki siku tano tu!"

"Siku tano ni nyingi kwa mtu anayejua mahali alipo," alisema Mama, akatoa lori barabarani. "Asiyejua alipo, hata mwaka haumtoshi."

Jumatatu Helka aliingia ukumbini kabla ya wengi. Alimwita Reijo kutoka jikoni na Otso kutoka kwenye kochi, akasimama mbele ya ubao, akafuta 1:32.9 kwa kiganja.

"Ilikuwa nyekundu," alisema. "Nilikata njia juu ya nyasi pale Kona Pacha. Na mti wa mwisho nilikudanganya, Otso. Sikujua ni mti gani. Nisamehe."

Uso wa Otso ukawa mwekundu kuliko ndevu za Reijo.

"Nimeugonga ule mti mara ishirini!"

"Najua."

"Ishirini, Helka! Nilimwambia baba yangu labda macho yangu ni mabovu! Anataka kunipeleka nikapimwe miwani!"

Jalmari, aliyekuwa akisikiliza kutoka mezani, aliangua kicheko, lakini Otso hakucheka. Alichukua koti lake, akaondoka, soksi moja ikiwa imegeuzwa ndani nje.

Reijo alimpa Helka kipande cha chaki. Hakumgombeza. "Andika ule wa kweli," alisema. "Halafu keti. Zamu yako imeanza dakika mbili zilizopita."

Helka aliandika 1:34.8.

Kisha akaanza kazi. Alitoa daftari jipya la hesabu, akachora njia nzima ya mbio kwa penseli, kona tisa. Aliazimia kutozishughulikia zote kwa pamoja. Zamu ya kwanza ilikuwa ya kona mbili tu. Alijiambia nyuma yake kuna tani kumi na tano za maziwa. Breki mapema, kwa nguvu, barabara ikiwa imenyooka. Kisha achia, achia, achia, paka asiamke. Ndipo zungusha usukani.

Jumanne alipata 1:35.6.

"Umeanza kurudi nyuma sasa," alisema Jalmari. "Mimi bibi yangu angepita hapo haraka zaidi, na anaendesha trekta."

Helka alihisi machozi yanakaribia, akayameza. Katika daftari aliandika: *Napunguza mapema mno. Mti wa tatu ni mapema. Jaribu wa nne.* Mara zote zilizopita alipopata muda mbaya aliongeza nguvu, akazidi kuharibu. Safari hii aliongeza mti mmoja, akajaribu. Akaongeza mwingine, akajaribu. Aliona pia jambo jipya: akiingia konani kwa utulivu, aliweza kukanyaga mafuta mapema akitoka, na gari lilifika kwenye barabara iliyonyooka likiwa tayari linapaa.

Jumatano: 1:34.0. Nyeupe.

Alhamisi, baada ya supu ya njegere aliyoinywa peke yake: 1:33.3. Nyeupe. Daftari lilikuwa limejaa mishale na miti. Sehemu moja ya kumi ya sekunde ndiyo iliyobaki ili amfikie Otso, na mbili ili ampite.

Otso alikuwa bado hasemi naye. Lakini Helka aliona kwamba kila alipokuwa kwenye mashine, kochi lilikuwa na mtu mmoja aliyejifanya anasoma gazeti la magari bila kufungua ukurasa.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Theluji ilikuwa ikianguka nje, na viatu vilizidi rafu vikatapakaa sakafuni. Reijo alitangaza kwamba kila mtu ana zamu moja ya mwisho. Helka alipangiwa ya kabla ya mwisho, Otso ya mwisho kabisa.

Helka aliketi. Alivuta dawa yake ya pumu kwanza, si kwa baridi bali kwa woga, akaweka daftari magotini. Mizunguko miwili ya kwanza aliendesha ya kupashia. Wa tatu ulikuwa 1:33.4. Wa nne aliteleza kidogo kwenye kona ya ghala. Wa tano, 1:33.1. Watoto wakanong'ona. Tayari alikuwa amempita Otso.

Hakuinuka. Zilibaki dakika nne.

Alivuta pumzi. Kona ya kwanza ilikaa sawa. Ya pili pia. Miti myeupe ikaja: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Kwenye wa saba mguu ulishuka wote. Kisha ukaachia kidogo kidogo. Gari likainama kushoto, likainama kulia, magurudumu yakaipapasa ncha ya nyasi bila kuikanyaga, na Helka akakanyaga mafuta mapema kuliko alivyowahi kuthubutu. Hakusikia tena ukumbi. Alisikia tu kitu kizito nyuma yake kikimfuata kwa utulivu.

1:32.7.

"Nyeupe!" mtu alipiga kelele nyuma ya kiti chake. Alikuwa Otso. Alisahau kwamba hasemi naye. "Nimeiona kwa macho yangu, nyeupe!"

Helka aliandika nambari ubaoni. Sasa alikuwa wa pili. Otso alikaa kwenye kiti, akakisogeza mbele, akashika usukani. Kisha akageuza kichwa.

"Desturi ya nyumba," alisema, bila kutabasamu. "Kona Pacha. Wapi?"

Otso alikuwa nyuma yake kwa nusu sekunde tu, na alikuwa na dakika kumi na tano. Helka aliusikia moyo wake ukimwambia kwamba angeweza kusema wa sita. Si uongo mkubwa. Mti mmoja tu.

"Wa saba," alisema. "Kanyaga kwa nguvu mara moja, halafu achia polepole. Ukianza kuzungusha usukani mguu uwe umeshakuwa mwepesi. Ufanye kama umebeba maziwa."

"Maziwa?"

"Tani kumi na tano, nyuma yako."

Otso alimtazama. "Mara ya kwanza uliniambia wa mwisho."

"Najua. Ni wa saba, Otso. Hesabu wa saba."

Otso aligeukia skrini. Mzunguko wa kwanza alikanyaga kwenye wa saba na kufunga kabisa magurudumu. Wa pili aliachia haraka mno. Wa tatu alipita, na wote wakasikia akisema "aah!" kama mtu aliyepata funguo zake mfukoni. 1:33.1. Kisha 1:33.0. Helka alikuwa amesimama nyuma ya kiti, kucha zimezama viganjani. Alitaka Otso ashindwe, akataka pia apite, na hakujua ni lipi alilitaka zaidi. Saa ya Reijo ilipolia, Otso alikuwa anamalizia mzunguko wake wa mwisho.

Nambari ikatokea. Nyeupe.

1:32.9.

Otso aliitazama mpaka ilipofutika. Aliinuka, akachukua chaki, akaiandika chini ya ile ya Helka, polepole, tarakimu moja moja.

"Hii nambari ilikuwa yako," alisema.

"Haikuwa yangu," alisema Helka. "Ilikuwa inakusubiri wewe."

Otso akampa mkono, kama siku ile, na safari hii mikono yote miwili ilikuwa na unga wa chaki. "Ukirudi kutoka Kuopio bila kikombe, konokono, usinipigie simu. Na utamwambia baba yangu habari za ile miwani wewe mwenyewe."

Mama aliingia saa kumi na moja na dakika tano, soksi zake za sufu zikiacha alama za maji sakafuni. Alisoma ubao kuanzia juu mpaka chini, kisha akarudia mistari miwili ya katikati. Reijo alikuwa mezani akijaza karatasi ya Kuopio kwa kalamu.

"Mama," alisema Helka, "nimeupita hata ule muda wa uongo."

"Nimeona." Mama alimfunga skafu, akaivuta mpaka juu ya pua kama alivyofanya tangu akiwa mdogo. "Ule wa uongo ulikaa ubaoni siku tano, Helka. Ulikufundisha kona gani?"

Helka alifikiri. "Hakuna."

"Hakuna. Ulikuwa juu, lakini hukuwa na pa kuanzia. Siku ulipoandika thelathini na nne nukta nane, ukajua ulipo, ndipo ukaanza kwenda. Mtu hatoki mahali ambapo hajakubali kuwa yupo. Ukweli unaweza kukurudisha nyuma siku moja, mwanangu, lakini barabara ya mbele inaanzia hapo hapo, haina mlango mwingine. Na usimpoteze mwenzako njia ili wewe ufike, maana huko utakakofika utakuwa huna wa kukupa mkono."

Helka aliitikia kwa kichwa ndani ya skafu. Kisha akaisogelea meza ya Reijo, akasimama akisoma karatasi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Ilikuwa na mistari miwili tu, na wa pili ulikuwa na jina lake, na pembeni ya jina, kwa wino, muda wake.